Usukani wa Marehemu

Shingo ilianza kumkaza binti kitindamimba tangu alipokabidhiwa ile baiskeli ya mbio, na sasa hata kuitikia salamu ilibidi ageuke mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Wenzake kazini wakambandika jina la Shingo Feni. Alicheka nao, na kicheko chenyewe kilimuuma.

Baiskeli ilikuwa ya kaka yake, mtu mrefu, mwenye mikono ya kufikia darini bila ngazi. Alipofariki kwa homa, baba yao, fundi cherehani, alimpa binti huyo kwa sharti moja.

"Iendeshe kila Jumapili na wenzake wa mbio, isiote kutu. Lakini iache alivyoiacha yeye."

Kisha akaizungushia nati ya usukani uzi mwekundu na kuupiga fundo lake la kishonaji, ili mkono wa mtu ukipita hapo ajue.

Hebu ona makubwa hayo! Mzee mwenye futi ya kupimia mabegani kutwa nzima, anayemfukuza mteja aliyeleta suti ya nduguye akimwambia nguo ya kuazima haisitiri maungo, ndiye huyo huyo anayemtandaza mwanawe juu ya chuma cha mtu mwingine. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alizidi.

Fundi baiskeli alimwona akipita mara moja tu, akamwita.

"Dada, unaning'inia. Usukani uko chini, tena uko mbali. Ndiyo maana unainua kidevu kutafuta njia, na mabega yamekupanda masikioni. Tuupandishe vidole viwili, tuusogeze karibu, halafu ukunje viwiko kidogo. Shingo itapumua."

"Siwezi."

"Ni nati moja tu hii!"

"Najua," alisema, akaondoka. Kilichomshinda ni lile fundo.

Jumapili iliyofuata lori lilimjia kwa nyuma. Alisikia honi, akataka kugeuka aone liko upande gani, shingo ikagoma. Akajitupa mtaroni. Alirudi nyumbani goti likichuruzika damu, akamweleza baba yote bila kuficha: usukani, shingo, lori. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akaingia chumba cha kushonea. Cherehani ikalia mchana kutwa. Binti moyo ukamtulia kidogo, maana baba yake hufikiri kwa miguu, akikanyaga pedeli.

Jioni akaitwa.

"Njoo nikuvalishe, mama."

Ilikuwa kola nene, imeshindiliwa sponji, bitana yake laini, vifungo viwili kisogoni. Kila tundu la sindano lilikuwa mahali pake.

"Itakushikilia shingo, isikuume tena."

Ilimkaa sawasawa. Hakuweza kusogeza kichwa hata kidogo. Alisimama pale, kidevu juu, akimpenda baba yake na kutamani kupiga mayowe.

Akafungua vifungo.

"Vaa wewe, baba."

"Mimi siendeshi."

"Vaa tu, nakuomba."

Akamvalisha, akazunguka nyuma yake kwa kunyata.

"Mimi ni lori. Nipo upande gani?"

Mzee akajaribu kugeuza kichwa. Kola haikumruhusu.

"Upande gani, baba? Nakuja."

"Sijui," mzee alisema. "Sikuoni."

"Basi ndivyo nitakavyokufa. Utazika wa pili."

Mzee alichukua mkasi mezani, akaiendea baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akapiga magoti, kola ile bado shingoni. Ilimzuia kutazama chini, akaupapasa uzi kwa vidole mpaka akalipata fundo. Mkasi ukafika, ukarudi. Akaupeleka tena, ukarudi tena.

Akamnyooshea binti yake mkasi bila kugeuka.

"Kata wewe," alisema. "Mimi nitashika gurudumu ukilegeza nati."