Mpira Aliouomba Eliseo

Magoti yangu yaligoma tangu mwezi wa saba. Jaribu wewe kuchuchumaa nyuma ya mpigaji wa besiboli miaka kumi na minne, ukidaka mipira ya wenzako, halafu uje unisimulie. Siku ile ya mwisho wa msimu, manyunyu ya Ohio usoni na baridi mpaka kwenye meno, nilitaka kitu kimoja tu: tumalize, nikalale. Tulikuwa wa mwisho kwenye ligi. Hata wa kututukana walishachoka.

Lakini uwanja ulijaa, na watu hawakuja kwa ajili yetu. Walikuja kuwaona wazee wawili.

Mmoja ni Orval Teague, mrushaji wetu. Alikuwa na ushindi mia mbili tisini na tisa. Mwingine ni Eliseo Tavárez, Mdominika, mlinzi wa kituo cha kwanza, na mapigo yake safi, yale ya kumfikisha mpigaji kituoni, elfu mbili mia tisa tisini na tisa. Kila mmoja alibakiza moja tu kufika pale ambapo wachezaji wengi hawafiki hata ndotoni. Miaka kumi na sita walikula meza moja na kutukanana kila siku ya Mungu. Na wote wawili klabu ilishawaambia kwaherini. Kiwiko cha Teague kilikuwa kimekwisha, goti la Eliseo limekwisha, na hakuna klabu nyingine iliyopiga simu. Ilikuwa leo au basi.

"Mzee, mkono unauonaje?" Eliseo alimuuliza tukiwa tunavaa.

"Utanifikisha. Wewe goti lako linalia kama mlango wa choo."

"Linakulilia wewe."

Teague alirusha zamu sita kati ya tisa, na sijui alirusha na nini, maana mkono haukuwepo. Mpira ulinifikia umechoka kuliko mimi. Aliwatoa wale vijana wa timu pinzani kwa ujanja mtupu, huku akiuma shavu kwa maumivu. Alipopumzishwa tulikuwa mbele, tatu kwa mbili. Kwetu mrushaji akitoka timu iko mbele, na wenzake wasikubali kusawazishwa mpaka mwisho, ushindi ni wake. Mwezi ule alishatoka mbele mara nne, na mara zote nne waliompokea waliuchezea ushindi wake mpaka ukapotea.

Akakaa mwisho wa benchi, barafu imefungwa kutoka begani hadi kiwikoni. Hakuna aliyemsogelea. Mtu akiwa kwenye jambo kama lile hasemeshwi, wala halitajwi, ukilitaja umeliharibu. Hata chupa ya maji alisukumiwa kwa mguu.

Eliseo naye alishapiga mara tatu na kutolewa mara tatu. Zamu ya nane, wenzetu wawili wametolewa, na wa tatu akitolewa zamu inakwisha, yeye kasimama pembeni na gongo lake anasubiri. Mbele yake alibaki mwenzetu Brannock peke yake. Brannock akifika kituoni kwa njia yoyote ile, hata kwa kupigwa na mpira mgongoni, Eliseo anapata nafasi.

"Brannock, ndugu yangu," nikamwambia, "tulia. Usiguse mipira takataka."

"Nimekusikia, kaka."

Amesikia wapi! Aliukimbilia mpira uliokuwa unakwenda Kanada. Akatolewa. Eliseo akalirudisha gongo lake mahali pake taratibu, akachukua glovu, akaenda kulinda kituo. Nilimtazama Brannock mpaka akainamisha kichwa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumla mbichi.

Sisi wenyeji hupiga wa pili. Wageni wakimaliza zamu ya tisa nasi tuko mbele, mchezo umekwisha, hatupigi tena. Kwa hiyo kila mtu alijua: Eliseo atapiga tena endapo wageni watasawazisha, na wakisawazisha, mia tatu ya Teague imekwenda na maji. Haziwezi kupatikana zote mbili. Huwezi kuamini, kuna watazamaji wetu wenyewe walianza kuwashangilia wageni. Watu wana mambo!

Zamu ya tisa wageni wawili wakatolewa, mwingine akabaki kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka kusawazisha. Mpigaji wao akaukata mpira vibaya, ukapaa juu kabisa, nje ya mstari, kuelekea upande wa Eliseo. Ukidakwa hewani mpigaji katolewa na mchezo umekwisha, lakini mpira wa nje kuuangusha si dhambi kubwa. Mvua machoni, nyasi zinateleza, mpigaji angeendelea kupiga na hakuna ambaye angenyoosha kidole.

Nikavua barakoa nikakimbia na magoti yangu haya mabovu. "Wangu!" nikapiga kelele. "Wangu! Wangu!" Nilitaka kuudaka mimi. Niliona si haki mtu ajifungie mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Niachie!"

Ilikuwa sauti ya Eliseo. Na desturi yetu ni kwamba mlinzi wa kituo akiuomba, mdakaji anapisha. Nikapisha. Akausubiri ukishuka, goti moja limepinda, mikono yote miwili juu. Ukatua kwenye glovu, naye akaufunika kwa mkono wa pili usije ukamponyoka.

Uwanja ukalipuka. Yeye hakuruka wala hakucheka. Alitembea mpaka kwenye benchi akauweka mpira kwenye mapaja ya Teague.

"Ungeuangusha, mjinga wewe," Teague akasema, machozi yanamtoka waziwazi. "Nani angekulaumu?"

"Nimechoka, mzee. Nataka kwenda nyumbani."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Basi nyamaza, wanakupiga picha."

Wapiga picha walishajaa. "Teague, inua mpira! Juu zaidi!" Teague akajaribu. Mkono ulifika kifuani ukagoma. Akajaribu tena, uso umemkunjamana. Eliseo akapita nyuma yake, akaushika mkono ule chini ya kiwiko, polepole, akauinua mpaka mpira ukapita kichwa cha mwenye nao. Akabaki ameushikilia hivyo hivyo mpaka wapiga picha walipotosheka.

Kesho yake magazeti yote yaliitoa picha ile, na yote yalikuwa yamemkata Eliseo. Vilibaki vidole vyake tu, chini ya kiwiko cha Teague.