Mhudumu Namba Kumi na Nne

Kwenye nyumba ya wakwe zake, huko Kasense, Otilia alikuwa haongei, alikuwa ananong'ona. Siku ya tatu baada ya harusi mama mkwe alimkalisha jikoni akampa masharti ya nyumba, na la kwanza lilikuwa hili: mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, wala mbele yake wala nyuma yake. Otilia ni Mfipa wa Katandala. Wakwe zake ni Wasukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe wao, na kwao Otilia mambo haya hayakuwa makali kiasi hicho. Alidhani atazoea. Akazoea mno. Alipojifungua mtoto wa kiume mtoto akapewa jina la babu yake, huyo huyo baba mkwe, na tangu siku hiyo Otilia akawa anamwita mwanawe "Baba". Kliniki, nesi alipouliza jina la mtoto, alimsogezea kadi asome mwenyewe, na nesi akadhani ni bubu.

Miaka minne ikapita hivyo. Mumewe, Steven, muda mwingi yuko bondeni na ng'ombe, na Otilia yuko pale pale, anapiga magoti, anaweka sahani, anainuka. Mzee hakuwahi kusikia kutoka kwake maneno zaidi ya "ndiyo baba" na "hapana baba". Ukiniuliza mimi, hata mfungwa huitwa kwa sauti na kuitika kwa sauti.

Ndipo yakaja mafunzo. Kampuni moja inayotoa taarifa kwa wakulima na wafugaji kwa njia ya simu ilikuwa inafungua ofisi Sumbawanga mjini, ikatangaza kozi ya miezi mitatu ya wahudumu. Mteja simu imemshinda, anakupigia, wewe unamwongoza kwa maneno matupu mpaka anafanikiwa. Sita watakaofanya vizuri zaidi wanaajiriwa. Steven alimwombea ruhusa. Mzee akafikiri siku mbili, kisha akasema, "Aende. Akishindwa arudi jikoni, na habari hizi tusizisikie tena."

Otilia alikuwa hodari, tena sana. Mwalimu wao, Gabriel, aliwakalisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja ana simu yenye tatizo, mwenzake anamwelekeza bila kuiona. "Usiseme 'bonyeza pale'," alikuwa akiwafokea. "Pale wapi? Mteja anaona kidole chako?" Aliwafundisha kuuliza swali moja kwa wakati, kuvuta pumzi kabla ya kujibu, kumsubiri mtu bila kumharakisha. Akivaa hedifoni, Otilia alipata sauti ambayo hata mama yake mzazi asingeitambua, sauti pana isiyo na haraka. Furaha aliyokuwa akiipata kwenye kiti kile hakuwahi kumwambia mtu. Saa kumi anavua hedifoni, anapanda bodaboda, na kabla ya kufika Kasense ameshaanza kunong'ona.

Sheria moja ya kazi ilikuwa haina mjadala. Kabla ya kumfungulia mtu akaunti iliyojifunga, unamwomba majina yake, unayarudia wewe kwa sauti, naye anathibitisha. Matapeli ni wengi, na rekodi ndiyo ushahidi. Ukiruka hatua hiyo, mtihani wako umefutwa. Wahudumu wenyewe hawakutaja majina yao, walitumia namba. Otilia alikuwa namba kumi na nne.

Mtihani wa mwisho ulikuwa simu tatu za wateja wa kweli, Gabriel akiwa meza ya pili, hedifoni masikioni na fomu mbele yake. Mbili za kwanza Otilia alizipita bila jasho. Ya tatu ikaita.

"Karibu huduma kwa wateja. Unaongea na mhudumu namba kumi na nne. Nikusaidie nini?"

"Haloo! Haloo! Unanisikia?"

Ni baba mkwe wake. Hakuna mtu mwingine Rukwa nzima anayeipigia simu kelele namna ile, kama anamwita mchungaji ng'ambo ya bonde.

"Nakusikia vizuri, baba. Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hii simu yangu kubwa imenifungia nje, hapa nakupigia kwa hiki kisimu kidogo cha kitochi. Nataka kuona siku ya chanjo ya ng'ombe, inaniambia nimekosea namba ya siri mara tatu. Mimi sikosei!"

"Pole, baba, tutaifungua sasa hivi. Naomba majina yako kamili."

"Masalu Ngeleja."

Ikawa zamu yake. Gabriel alikuwa ameshaweka kalamu kwenye kisanduku cha fomu. Otilia alijua vizuri kwamba mzee hajui anaongea na nani, na kwamba hakuna mtu wa Kasense atakayeisikia rekodi ile mpaka kiama. Kichwa kilijua, lakini ulimi ulikuwa umeganda. Akafungua mdomo, akaufunga. Gabriel akamzungushia kidole hewani: rudia jina.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Naomba namba ya kitambulisho chako."

Akamuuliza mwaka wa kuzaliwa, idadi ya ng'ombe aliosajili, na kata aliyojiandikishia. Kila kitu kililingana na maelezo kwenye kompyuta. Kisha akamwongoza hatua kwa hatua, na kwa dakika kumi na mbili mkwe alimwamuru baba mkwe wake bonyeza, subiri, futa, anza tena, na mzee akawa anaitikia, "Ndiyo, binti. Ndiyo, binti." Akaunti ikafunguka. Mzee akashangilia, akamwombea baraka, akakata.

Gabriel alivua hedifoni taratibu.

"Dada, hii ndiyo simu nzuri kuliko zote nilizosikia tangu tuanze. Na nimeifuta kwenye mtihani."

Otilia akamweleza. Gabriel akajishika kichwa. "Mimi nimekuelewa. Lakini makao makuu watasikia mtu kafungua akaunti bila kurudia jina, basi. Labda mteja mwenyewe apige tena kesho asubuhi, umthibitishe kwa jina. Hilo naweza kuliambatanisha na fomu yako."

Otilia akacheka, cheko la mtu aliyechoka. Nani amwendee mzee na ombi kama hilo?

Jioni alipiga magoti kumnawisha mzee kabla ya chakula. Mzee alikuwa mchangamfu, anamsimulia mkewe huku maji yanamiminika.

"Leo nimeongea na binti mmoja wa ofisi ya simu. Ana adabu huyo, kafundwa! Mwanzo mpaka mwisho ananiita baba. Vibinti vingine vinakutaja jina utadhani vimekuzaa vyenyewe." Akamnyooshea Otilia kidevu. "Kama ndiyo kazi anayosomea huyu, mimi nilihofia bure. Amalize, afanye kazi."

Jagi likagonga beseni. Otilia angeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko alikokujua zaidi. Lakini uchungu ulikuwa umemzidi.

"Binti yule ni mimi, baba."

Ilitoka ile sauti ya ofisini. Mama mkwe akageuka kuangalia mlangoni, kama kuna mgeni kaingia.

"Namba kumi na nne ni mimi. Wamenifutia mtihani leo, kwa sababu sheria inataka mteja atajwe jina, na mimi sikukutaja. Ukipiga tena kesho asubuhi nikakutaja, mwalimu atanisaidia. Nisipokutaja, ndiyo mwisho."

Mzee alimwangalia usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale. Hakukasirika. Alifuta mikono kwenye magoti.

"Kesho nitapiga," akasema. "Desturi ni yetu na mimi ndiye mwenye jina, nimekuruhusu. Lakini tujaribu hapa kwanza, kesho usije ukakwama. Nitaje."

Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga.

Otilia akaweka jagi chini. Majina mawili tu. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, akafungua mdomo, na jina halikutoka. Akajaribu tena. Alimtazama mzee akitaka amkasirikie, labda hasira ingemsaidia, lakini mzee alikuwa ameinama mbele, anamsubiri bila kumharakisha.

"Polepole, binti," akamwambia. "Anza na la kwanza."

Machozi yakaanza kumtoka. Ilikuwa kama mlango uko wazi, mwenye nyumba mwenyewe ameushikilia, na miguu yake Otilia haitaki kunyanyuka.

"Baba," akasema. Akajaribu tena. "Baba."