Chupa Iliyokataa Sukari

Barabara ya Nairobi ilikatika ng'ambo ya Madogo. Mto Tana ulipita juu ya lami, na malori yakasimama pande zote mbili. Filsan alikuwa amekuja Garissa kwa Idi tu, na chupa mbili za hamira ndani ya kisanduku cha barafu, kwa kuwa maabara ya chuo ilikuwa imefungwa kwa mgomo. Sasa hakuwa na njia ya kuzirudisha.

Chupa ya kwanza ilikuwa na hamira ya kawaida. Hamira ya pili ilikosa protini moja, kinasi iitwayo Snf1. Kazi ya Snf1 ni kuiarifu seli kwamba chakula ilichozoea kimekwisha, ianze kula kingine. Seli isiyo nayo hutegemea glukosi. Ukiipa sukari ya chai itakufa njaa huku inaogelea ndani yake. Utafiti wote wa Filsan ulikuwa katika chupa hiyo ya pili, na hapakuwa na nyingine.

Baba yake, Warsame, aliuza sukari kwa jumla katika soko la Suq Mugdi. Alikuwa amekubali binti yake asome mpaka mwisho wa muhula huu, si zaidi. Asipomaliza, atarudi kushika duka. Hakulisema hilo kwa ukali. Ndivyo walivyokubaliana.

Kopo la glukosi alilokuja nalo kuilisha hamira hiyo likaisha. Filsan akazunguka maduka ya dawa. Watu waliofurushwa na mto walikuwa wanaharisha, na kila chenye glukosi kilikuwa kimepelekwa kambini kwao. Hakuweza kulalamikia hilo. Alirudi mikono mitupu, akapita katikati ya magunia ya baba yake, yaliyohamishiwa sebuleni kwa kuhofia maji.

"Nyumba imejaa sukari mpaka darini," Warsame alisema, "na mgeni wako anakufa njaa? Watu watanicheka."

"Hawezi kuila, aabo."

"Hawezi au anaringa?"

"Hana wa kumwambia aanze."

"Basi mpe eddo wako. Huyu humwambia kila mtu."

Eddo Safiyo, dada yake Warsame, alikuwa jikoni akikoroga unga wa mikate ya anjera. "Nimekusikia," alisema. "Leo utakula sukari yako kavu."

Asubuhi Filsan akatoka tena kutafuta. Aliporudi, alimsikia Safiyo tangu mlangoni.

"Njoo uone! Amefufuka, wallahi!"

Chupa ya pili ilikuwa na povu hadi shingoni.

"Umefanya nini, eddo?"

"Ninachofanya kila siku. Unga ukikataa kuumuka, unachota kidogo katika ule wa jana uliochachuka, unautia humo. Nimechota kwa yule mchangamfu, nikampa huyu mvivu. Na sukari kidogo, asianze kazi na njaa."

Filsan akaketi juu ya gunia. Hamira ya kawaida huivunja sukari nje ya seli zake, na glukosi hubaki majini. Kwa hiyo seli za Filsan zilikuwa hai, zikila makombo ya wenzao. Lakini kwa macho hazikutofautiana nao, na kila makombo yalipopungua, wenzao wangezidi kuongezeka na zake zingebaki nyuma. Kuzitafuta katika kundi lile kulihitaji maabara, na muda mrefu kuliko uliobaki.

Warsame alikuja akatazama povu. "Mashallah. Maji yakishuka tu, nitakupandisha basi mwenyewe."

Safiyo alikuwa tayari na kijiko kingine cha sukari. "Niongeze?"

Filsan angenyamaza, angeondoka. Hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angejua. Angefika Nairobi, apime hamira ya kawaida, aandike kwamba ni ile yake.

"Usiongeze, eddo," akasema, na akawaeleza.

Safiyo alikitazama kijiko. "Nimewaua?"

"Hapana. Labda bila wewe wangekufa leo. Ila sijui tena nani ni nani."

"Si uwaite tu, wako waitike?" Safiyo alijaribu. Hakuna aliyecheka.

Warsame aliuliza, "Kuwatafuta kutachukua muda gani?"

"Muhula mwingine. Labda zaidi."

"Na ungenyamaza?"

"Ungenipandisha basi."

Warsame alipapasa mshono wa gunia. "Nilikubali muhula mmoja, Filsan."

"Najua, aabo."

"Kesho utafungua duka. Salah wa pale dukani atakuonyesha mizani."

Filsan aliinuka kwenye gunia. Akaifuta chupa ya pili, akaiweka ndani ya friji, ambamo baridi huzipunguzia mbio seli zote, zake na za wengine. Safiyo, aliyezoea kuizima friji kila mchana ili kuokoa umeme, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Iache," Warsame alimwambia, akavaa viatu vyake, akatoka kwenda kuutazama mto.