Mistari Mavumbini

Kabla miguu yake haijaanza kumgomea, Louis alikuwa fundi wa injini za boti kule Mahagi-Port, ziwani, na watu wa bandari walimjua kwa mwendo wake. Alipita juu ya ubao mwembamba wa kupandia boti, injini begani, bila hata kutazama chini. Umri ulipomfikia, na binti yao Sylvie ameshaolewa mbali, yeye na mke wake Bernadette walihamia Bunia, mtaa wa Saio, kwenye nyumba ya matofali ambayo Bernadette aliachiwa na wazazi wake.

Ugonjwa ulimjia kwa ngazi. Mwanzoni mdomo ulipinda upande mmoja, ukanyooka baada ya wiki, na miezi ikapita bila shida. Kisha asubuhi moja akaamka miguu imekuwa mizito, kama ya mtu anayetembea ndani ya maji ya kiunoni. Akatulia tena. Halafu ikaja ngazi nyingine: majina yakaanza kumponyoka, kwanza ya majirani, baadaye hata ya vifaa vya kazi yake mwenyewe. Mikono ilibaki mizima, aliweza kufungua redio vipande vipande na kuirudisha ikaimba. Lakini kila alipofika mlangoni nyayo ziliganda sakafuni, naye akasimama pale ameinama kidogo, akingoja kitu asichokijua.

Majirani walisema amelogwa. Bernadette hakubishana nao, wala hakuwaitikia.

Kwa Louis mwenyewe mambo hayakuwa mabaya kama walivyodhani. Alikuwa amerudi kuishi karibu na maji. Sakafu ya saruji ilikuwa ziwa siku ya utulivu, na kiti chake kilipanda na kushuka taratibu. Milio ya bunduki kutoka upande wa pili wa mji ilimfikia ikiwa imelainika, kama injini inayokataa kuwaka. Mara nyingine alimwambia mke wake kwamba buji, ile plagi ya kuwashia injini, imelowa, waikaushe kwanza. Bernadette alimjibu kuwa ndiyo, imelowa, na akaendelea kuchambua maharage.

Mwezi wa tano wa mwaka 2003 injini ile ikawaka kweli: mapigano yakafika mtaani. Siku moja, tangu alfajiri, watu wa Saio walikuwa wakitoka na magodoro kichwani, wakielekea uwanja wa ndege, walikopiga kambi askari wa Umoja wa Mataifa. Bernadette akafunga sufuria, unga na blanketi ndani ya kitenge, akachomeka na mchi wake wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, akamshika mume wake mkono. Wakafika mlangoni. Miguu ikaganda.

Alimvuta, akakaribia kumwangusha. Alimbembeleza. Akazunguka nyuma akamsukuma mgongoni, na Louis akabaki kama nguzo, akitazama mbele kwa uso usioonyesha lolote. Ndani yake alitaka sana kwenda. Alikuwa akiiambia miguu iende, na sauti yake ilikuwa ikizama kabla haijafika chini.

Katika kuhangaika huko kitenge kikalegea, mchi ukaanguka, ukaviringika na kusimama mbele ya vidole vya Louis. Akautazama. Ulikuwa ukingo wa boti, na ukingo wa boti hakuwahi kushindwa kuuvuka maisha yake yote. Akainua mguu juu, akavuka. Mguu wa pili ukafuata.

Bernadette aliduwaa. Kisha akauokota mchi, akaulaza tena mbele yake.

Ndivyo walivyoondoka Saio. Penye njia wazi Louis alienda mwenyewe kwa hatua fupi za kuburuza. Alipoganda, mchi ulilazwa, naye akavuka. Watu waliwapita mbio, wengine wakilia, wote wakielea kama majani juu ya mkondo. Louis aliwaonea huruma kwa kuchelewa boti.

Jua lilikuwa limeshapanda walipofika kwenye kizuizi, kamba iliyofungwa toka mti hadi mti. Mwanamume mwenye ndevu na koti la kijeshi lililochanika aliishusha kamba, akawaamuru wapite upesi. Louis akaganda mbele yake. Mtu yule akarudia amri. Louis akamtazama bila kupepesa.

"Muzee huyu ananizarau," alisema yule mtu, na bunduki ikatoka begani.

"Hakuzarau, baba," Bernadette akasema. "Iko mugonjwa. Miguu yake inasahau kutembea. Kama inaona kitu ya kuvuka, inakumbuka."

Akainama kuchukua mchi, lakini mtu yule akaukanyaga na kuusukumia mtaroni, akidhani ni silaha. Kisha, labda kwa kutaka kumuumbua mwanamke huyu mwongo, akageuza bunduki na kwa kitako chake akachora mstari mavumbini mbele ya Louis.

"Avuke basi."

Louis aliuona ubao. Ukamjia na harufu ya mafuta ya injini. Akavuka. Mtu yule akatazama mguu ule, akarudi nyuma hatua moja, akachora mstari wa pili. Louis akavuka. Wa tatu, wa nne. Uso wa yule mtu ulibadilika, hasira ikamtoka, akabaki anachora tu, ameinama, akirudi kinyumenyume, na mzee akimfuata mstari kwa mstari, hadi kizuizi kikabaki mbali nyuma yao. Hapo akanyooka, akashika kiuno.

"Mama, mupeleke," alisema, akageuka akaenda zake.

Kambini, chini ya maturubai, nesi mmoja aitwaye Marie-Claire alimpima Louis, akakuta presha ya damu iko juu mno. Alimweleza Bernadette kwamba mishipa midogo inayolisha ubongo imeziba mmoja baada ya mwingine, na kila unapoziba, sehemu ndogo inakauka. Hakuna aliyemloga. Kilichokauka hakitarudi, ila dawa ya kushusha presha ingeweza kuzuia ngazi nyingine isije haraka. Bernadette alilia kidogo, kwa ahueni zaidi kuliko huzuni. Tangu siku hiyo kila asubuhi alimlazia vijiti chini, naye akafanya mazoezi ya kuvuka.

Walirudi Saio mwezi wa tisa. Mabati ya paa yalikuwa yameibwa, kuta zimebaki. Bernadette alitandaza turubai juu ya chumba kimoja, akamkalisha mume wake kitandani. Mwanga wa buluu ulipenya turubai ukajaa chumbani, na Louis akautazama kwa muda mrefu.

"Tunangoja nini?" akauliza.

"Hatungoje kitu, Papa Sylvie. Tumefika."

Akafikiri. Maneno yalichukua muda kushuka.

"Basi univue viatu," akasema.

Bernadette akapiga magoti, akaanza kufungua kamba.