Salongo ya Vitambaa Vyeusi

Wananiambia: Gracieuse, hasira hasara. Aka! Hasara ilitangulia, hasira ikaifuata nyuma. Sikilizeni.

Kituo chetu cha afya kiko pembeni ya kambi ya watu waliokimbia Djugu, hapa Bunia. Frigo ya chanjo ilitegemea mashine ya msaada, ile inayokula gesi ya haidrojeni na kutoa umeme na maji tu. Ikafanya kazi, kisha ikafa. Nilipoifungua nilikuta platini imedondoka, yaani zile chembe ndogo zinazofanya gesi itoe umeme. Zilikuwa zimekalia vitambaa vya kaboni ya kawaida, na kaboni hiyo ilikuwa imeliwa.

Mimi ni mkemia, si muganga, lakini surua ilikuwa inazunguka kambini. Nikakaa katika laboratware ya chuo kikuu nikitengeneza vitambaa vipya. Nilichukua grafini, kaboni nyembamba kuliko kitu chochote unachokijua, nikaichanganya na plastiki inayopitisha umeme, ili ishike platini isiiachie. Plastiki ile ina tabia yake: ikionja asidi inapitisha umeme, ikionja majivu inagoma.

Nilimweleza Gérard, msimamizi wa kituo, kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia vitambaa vinakauka katika chumba cha nyuma, mutu asiingie, kesho asubuhi navifunga ndani ya mashine. Wageni wa shirika la msaada walikuwa wanafika saa nne na sanduku la chanjo. Wakikuta frigo inapoa, wanaliacha. Wasipokuta, wanaondoka nalo.

Gérard akasema ndiyo. Halafu akaitisha salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, akawapa wamama wa kambi ufunguo wa chumba.

Asubuhi nilikuta uwanja umefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Mama Débora, mjukuu wake Patience mgongoni, alikuwa anaanika vitambaa vyangu kwenye waya. Alikuwa amevifua kwa majivu, maana sabuni hamuna.

"Unisamehe, mwanangu," akasema. "Nimesugua, nimesugua, lakini weusi umekataa kutoka."

Yesu! Nilipiga ukelele uwanja mzima ukageuka. Yeye, maskini, alidhani nimekasirika kwa sababu havijawa vyeupe.

"Shefu Gérard alisema wageni wasione kitu cheusi," akasema. "Na mimi nataka ile chanjo. Dada yake Patience tulimuzika, unajua. Huyu hajachanjwa."

Nikapima kitambaa kimoja. Umeme haupiti, hata kidogo. Nikakaa chini kwenye saruji. Ndipo maneno yake yakanirudia: weusi umekataa kutoka. Nikatazama beseni. Maji yalikuwa ya kijivu, ya majivu tu, hakuna weusi wa kaboni na platini hata kidogo. Kumbe platini haijaenda popote! Mama amesugua kwa nguvu zake zote na plastiki yangu imeishika. Imegoma tu.

"Mama, weye hukukosea," nikamwambia. "Leta beseni safi."

Vitambaa vilikuwa vimelala ndani ya asidi nyepesi wageni walipoingia. Nikamwambia Gérard tungojee mpaka saa sita. Hata hakunitazama. Akamgeukia mkubwa wa wageni, Madamu Joëlle, akasema, "Mutusamehe. Hawa watu wa kambi hawajui vitu vya watu. Wameharibu mashine."

Mama Débora alikuwa amesimama palepale. Alisikia kila neno.

"Uongo!" nikasema. "Ufunguo aliwapa yeye! Ngojeni saa sita!"

Gérard akacheka. "Mugeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Twendeni mgahawani, mbuzi imeiva." Wakapanda gari, sanduku likiwa nyuma.

Saa sita vitambaa vilipitisha umeme. Nikavifunga, nikafungua gesi, na frigo ikaanza kunguruma. Nikamkamata Mama Débora na mtoto, tukapanda pikipiki moja sote mpaka mgahawani. Gérard alikuwa ananyonya mfupa.

"Inapoa!" nikasema. "Leteni sanduku!"

Madamu Joëlle akaweka uma chini. "Tumelituma kwenye kituo cha Mahagi," akasema. "Barafu yake haikuweza kungoja. Tuliambiwa mashine imekufa."

Akamtazama Gérard. Na Gérard, bila aibu, akajibu, "Lakini Madamu, si umeona kituo chetu kilivyo safi?"

Nilichukua sahani yake nikaimwaga miguuni pake, nyama na mchuzi. Hilo silijutii mpaka kufa.

Tuliporudi, Mama Débora alifungua frigo, akaingiza mkono wa Patience ndani. Mtoto akautoa haraka.

"Kweli inapoa," akasema Mama.

"Inapoa, mama."

"Na hamuna kitu."

Mwezi haukuisha, Patience akashikwa na surua. Sanduku lingine lilifika akiwa amekwisha kulazwa. Sasa hivi ninavyosema yuko chumba cha pili, na kikohozi chake kinanifikia hapa. Frigo yangu imejaa, iko baridi kabisa, na haiwezi kumsaidia. Mama Débora amekaa naye, hajasema neno baya kwa mtu. Ninayasema mimi.

Jumamosi wanakuja wageni wengine, na Gérard ameitisha salongo. Ufunguo wa chumba cha nyuma uko mfukoni mwangu. Aje auchukue.