Mstari wa Mama Pacha

"Kompyuta inasema darasa halijapatikana," mkuu wa maabara alifoka kwenye simu. "Darasa gani tena? Hapa ni maabara, si shule!"

Mama Pacha aliibana simu kwa bega, mikono tayari kwenye kibodi. Yeye peke yake ndiye aliyetunza programu ya hospitali ile, katika chumba cha nyuma chenye feni moja. Jumamosi alikuwa ameihamishia kwenye toleo jipya la Java, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa, na majaribio yote yakapita. Lakini kompyuta ya majaribio haikuwa na printa ya lebo. Sasa ni Jumatatu, saa tatu asubuhi, na lebo za chupa za damu ya vipimo hazitoki.

"Mnafanyaje kwa sasa?"

"Tunaandika kwa kalamu, dada. Chupa thelathini na moja. Na kuna mtu wa upasuaji saa sita. Fanya hima!"

Jina likikosewa, mgonjwa huongezewa damu isiyomfaa.

Programu ile ilikuwa ya vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na kipakiaji chake cha kukitafutia madarasa, yaani vijisehemu vya msimbo. Kipakiaji kikikosa kitu kwake, hukiomba kwa Java yenyewe, ila kwa vifurushi, yaani mafungu ya madarasa, vilivyoorodheshwa tu. Kisichokuwa kwenye orodha hukikana kana kwamba hakijapata kuwepo.

Akaifungua orodha. Mstari wa kumi na nne ulitaja kifurushi cha ndani cha Java, kile cha kuchora herufi. Onyo lilikuwepo tangu zamani: vya ndani visitegemewe. Katika toleo jipya kilikuwa kimehamishwa na kufungiwa.

Juu ya mstari kulikuwa na maneno: *Njia ya mkato. Nitarudi kurekebisha.*

Miaka tisa. Alipoyaandika, pacha wake walikuwa bado wananyonya.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa msimamizi wake, jasho likimtoka. "Si ufungue vifurushi vyote vya ndani, tumalize?"

"Nikifungua vyote, bosi, kila kipande kitajichukulia humo, na hatutajua mpaka kianguke kingine."

Msimamizi akainama kwenye skrini, akayasoma yale maneno. "Nani huyu? Yule fundi aliyeacha kazi?"

Feni ilizunguka. Ingetosha kunyamaza tu. Yule fundi alikuwa mbali, na asiyekuwepo hana wa kumtetea.

"Ni mimi," alisema Mama Pacha.

Bosi alimtazama, kisha akaitazama saa yake. "Nusu saa. Mengine tutaongea."

Mama Pacha akaandika jina jipya la kifurushi kwenye orodha, akaagiza kifunguliwe kwa kipande cha lebo peke yake. Akaiwasha upya programu. Ikagoma: darasa limepatikana, lakini hairuhusiwi kuligusa. Alisoma amri yake herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo, mpaka akaona: ruhusa alikuwa amekipa kipande cha ripoti. Akarekebisha. Akawasha tena, asithubutu hata kupepesa.

Simu ikalia. "Imetoka!" mkuu wa maabara alisema, akihema. "Imetoka, dada."

Hakusubiri kupongezwa. Alipanda ngazi mbili mbili hadi maabara. Mkuu alikuwa akisoma maandishi ya kalamu, naye Mama Pacha akawa anabandika lebo mpya juu yake, chupa baada ya chupa. Ya ishirini na sita ilikuwa imelowa. Wino umetambaa, jina limekuwa doa la bluu.

Waliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haisomeki," mkuu alisema. "Nyingine zote zinasomeka, na kwenye orodha aliyebaki bila chupa ni mmoja tu, lakini kwa damu hatukisii." Akaitupa, akachukua sindano mpya, akatoka. Mama Pacha akamfuata, asijue kwa nini.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa yule mmoja, mzee, pamba bado imebandikwa mkononi. Mkuu alipoinama kumweleza, mzee hakuuliza kosa ni la nani. Alikunja mkono wa pili wa shati polepole, mkunjo juu ya mkunjo, akamnyooshea mkono.

"Choma tu, mwanangu."