Vibati vya Injini Nyekundu

Jumanne asubuhi, mkaguzi alilowesha kijiti cha pamba kwa mate, akaanza kusafisha kibati cha jina kilichokuwa ubavuni mwa injini nyekundu ya treni ya kuchezea. Mate hayana mpinzani kwa kazi hiyo. Sabuni hula rangi. Wakusanyaji walileta treni zao katika duka la vitu vya kale alikofanya kazi, naye akawaambia ipi ni ya zamani kweli na ipi ni nakala iliyotengenezwa juzijuzi. Wengine hutazama magurudumu. Yeye alitazama kibati. Kwenye treni ya zamani, herufi za jina la kiwanda zimeinuka kidogo, ukipitisha ukucha zinakwaruza, na yale masikio ya bati yanayokishika kibati yamekunjwa kwa mkono, moja limekaa upande. Kwenye nakala, herufi ni laini kana kwamba zimelambwa, na masikio yamelala sawasawa kama shuka za hospitali.

Uchafu ulipotoka, jina la kiwanda halikuwepo. Kibati kilisema CHIRIKU.

Mkaguzi alikigeuzia mwanga. Herufi zilikwaruza. Masikio hayakuwa yamewahi kukunjuliwa.

"Ya kweli?" mwenye duka aliuliza akiwa kaunta.

"Ya kweli. Ila kibati kimebadilika jina. Jana kilikuwa na jina la kiwanda."

"Wamebandika kingine?"

"Hapana, ni kilekile."

Mwenye duka alivaa miwani, akaja kusoma. "Basi andika hivyohivyo, dada," akasema. "Mteja asije akasema tumemficha."

Kabla ya kufunga duka, injini nyingine za rafuni zilikuwa zimebadilika pia. Moja ikawa KIJIKO, nyingine MAMA PACHA, nyingine MCHELEWAJI. Nakala zilibaki na jina la kiwanda. Mwenye duka aliridhika sana, kwa sababu sasa hata yeye aliweza kuzitofautisha bila kukodoa macho.

Mkaguzi aliishi na shangazi yake kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la dobi. Shangazi alikuwa haoni. Jioni hiyo alikuwa kitandani akikunja nguo, akizitambua kwa kupapasa mishono, na mkaguzi akamsimulia ya dukani huku akivua viatu.

"Chiriku ni mimi," shangazi alisema, akitafuta mwenzake wa soksi.

Mkaguzi alijua kwamba shangazi aliwahi kufanya kazi kiwanda cha treni, na kwamba macho yake yaliishia huko. Zaidi ya hapo hakuwa amewahi kuambiwa.

"Mezani kwetu hakuna aliyeitwa jina lake," shangazi aliendelea. "Msimamizi alisema majina yetu marefu yanamchelewesha. Mimi nilikuwa naongea kutwa, wakaniita Chiriku. Kijiko alikuwa mwembamba, kichwa kikubwa. Mama Pacha hakuwa na pacha wala mtoto, ila alikula kwa niaba ya wawili."

"Mlikuwa mnafanya nini hasa?"

"Hivyo vibati. Unakitumbukiza kwenye tindikali mpaka herufi zisimame, unakitoa, unakunja masikio. Madirisha yalipigwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Kwanza macho yanawasha. Halafu unaona kila kitu kama kina mvuke. Halafu unaambiwa kesho usije." Soksi ilipatikana. "Tulipokwenda kudai, wakasema vibati vinatengenezwa na mashine. Ile meza haijawahi kuwepo, wala sisi hatukuwahi kuwepo."

Aliikunja ile jozi ya soksi, akaiweka juu ya rundo.

"Niazimie hizo treni," akasema. "Niende nazo. Safari hii watasemaje?"

Mwenye duka aliwaazima, mradi zifungwe kwenye taulo. Wakaenda. Kiwanda kilikuwa kimebaki ofisi tu, yenye zulia na ubaridi wa kutoka ukutani, na mkuu wake alikuwa mjukuu wa yule aliyekianzisha. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimshika shangazi mkono mpaka kwenye kiti, akaagiza chai, akazitazama injini moja moja.

"Nzuri sana," alisema. "Lakini mama, vibati vyetu vilitengenezwa na mashine. Ndivyo tulivyorithi kuambiwa."

"Mashine yenyewe iko wapi, mwanangu?"

"Iliuzwa."

"Ilikuwa inaitwa Chiriku?"

"Hilo sina uhakika nalo, mama."

Juu ya meza yake, kando ya simu, palikuwa na injini nyeusi iliyokuwa ya babu yake. Wakati chai inamiminwa, kibati chake kilibadilika. Mkaguzi alikiona, na mjukuu naye alikiona. Mkaguzi aliinyanyua injini akampa shangazi, naye akapitisha kidole taratibu, herufi baada ya herufi.

"Huyu alikaa kushoto kwangu," shangazi alisema. "Walimwita Mnyamavu. Alianza kukohoa wakati wa kiangazi. Mpaka mvua zinaanza tulikuwa tumeshamzika. Kiwanda hakikutuma hata mtu wa kusimama nyuma."

Mjukuu aliipokea injini kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na taa.

"Nashukuru sana, mama," akasema. "Miaka yote hii nilidhani hii ni nakala."

Aliwasindikiza hadi mlangoni, akawaambia wamalizie chai siku nyingine.

Walivuka barabara kubwa. Hapo shangazi akauliza kama treni zimefungwa vizuri, mkaguzi akasema ndiyo. Alitaka kusema jambo kuhusu yule kijana, lakini kila neno lililomjia lilikuwa la adabu, kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa na adabu, na tusi halikupata pa kushika.

Baada ya muda ofisi ile ilitoa toleo jipya: injini nyekundu zenye vibati vilivyoandikwa Chiriku, Kijiko, Mama Pacha na wenzao, kwenye masanduku yenye utepe. Mkaguzi alipopiga simu kuuliza, alielezwa kwamba wanasheria wamelitazama suala hilo na kuona kuwa lakabu haina mwenyewe. Wakusanyaji nao walikubaliana kuziita zile za zamani "aina ya majina", wakazitafuta kama wanaotafuta dawa. Cheti kinachothibitisha kwamba Chiriku ni halisi alikiandika mkaguzi mwenyewe, na ni cheti hicho kilichoipandisha injini bei mpaka yeye na shangazi wasingeweza kuifikia.

Siku ya kuuzwa kwa injini hiyo, shangazi aliomba kuletwa dukani. Akapewa kiti karibu na kaunta. Mnunuzi alikuwa daktari mstaafu aliyevaa koti safi.

"Chiriku ni nani?" daktari aliuliza huku akiinama.

"Ni aina ya kibati," mwenye duka alisema.

"Ni mimi," shangazi alisema.

"Hongera sana," daktari alisema. "Na sanduku lake ni lile la mwanzo?"

Mwenye duka alilileta sanduku. Shangazi alisubiri mpaka aliposikia karatasi zinakunjwa.

"Usiifungie kabatini, daktari," akasema. "Iache itembee kidogo. Haijazoea kunyamaza."

Daktari alimweleza kwa upole kwamba treni za namna hii haziendeshwi, zinachubuka. Akaaga, akatoka, kengele ya mlangoni ikalia nyuma yake.

"Alinitazama?" shangazi aliuliza.

"Hapana, shangazi," mkaguzi alisema. "Alikuwa anatazama sanduku."

"Zuri?"

"Halijachanika hata pembe."

"Basi hajapunjwa," shangazi alisema, akanyoosha mkono atafutiwe fimbo yake.